Kisu cha babu kimenikata kidole: nikitie loki?

*Shikamoo fundi. Nina kitalu cha miche ya michungwa na miembe huku Muheza. Kisu ninachobebeshea, yaani ninachotumia kupachika kijiti au jicho la mti mmoja kwenye shina la mwingine, ni cha kukunja, alirudi nacho babu mzaa baba kutoka vita vya Bama (Burma). Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles). Kina bapa moja, kifungulio cha kopo na mwiba mrefu mgongoni, mpini wake mweusi wenye vimraba vidogo vidogo. Mwezi uliopita nilikuwa nainua gome la mche, kisu kikajikunja ghafla kikanikata kidole cha shahada, nikashonwa nyuzi tatu. Fundi wa kuchomelea hapa mjini anasema atakitia loki kwa elfu kumi na tano kisijikunje tena. Mume wangu anasema nikitupe ninunue kipya. Kaka yangu aliyeko Leicester anasema kama sikitaki, atakichukua akija Desemba. Mimi nakipenda kisu hiki. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nyuzi tatu kwenye kidole cha shahada si jambo dogo kwa mtu anayekula kwa mikono yake. Natumaini ulichomwa na sindano ya pepopunda, maana kisu cha kitalu kinagusa udongo kutwa. Kama hukuchomwa, nenda zahanati kesho uulize.

Usikitie loki kisu hicho. Wala usikipeleke kwa mtu wa kuchomelea, hata akisema atakufanyia bure. Na usikitupe. Kisu hakina ubovu. Kilichokukata ni kazi moja ambayo hakikuumbwa kuifanya, na kazi hiyo ina kifaa chake ambacho unaweza kukichonga mwenyewe leo jioni. Nitafika huko. Lakini nimeshika visu vya watu kwa miaka thelathini na kitu, nami najua kwamba ukimkataza mtu bila kumwonyesha kinachotokea ndani ya mpini, atakuitikia "sawa fundi", kisha atakwenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo kilete kisu karibu usome nacho.

Kwanza ujue una nini. Kunjua bapa, chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, usugue kisigino. Kisigino ndivyo ninavyoita ile sehemu ya bapa isiyo na makali, inayoingia kwenye mpini. Ukibahatika utaona jina la kiwanda, na mara nyingi neno Sheffield, mji wa Uingereza ambao watu wake wamekuwa wahunzi wa visu kwa mamia ya miaka. Tafuta pia alama ya mistari mitatu inayokutana juu, kama unyayo wa kuku. Huo ni mshale wa serikali ya Kiingereza, alama ya mali ya jeshi. Vingi vya wakati wa vita viligongwa na mwaka pia.

Vijana wa rika la babu yako walikwenda navyo mbali. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), iliteremka bonde la Kabaw huko Bama mwaka 1944 mvua kubwa ikinyesha, na Desemba mwaka huohuo ikavuka mto Chindwin. Ile pete ya chuma kwenye mwisho wa mpini ni ya kupitishia kamba, askari asikipoteze kisu chake matopeni. Na mwiba ule, utasikia watu wakisema ni wa kutolea mawe kwenye kwato za farasi. Si kweli. Ni wa kamba: unafungua fundo lililokaza, na unafumua nyuzi za kamba ukitaka kuziunga mbili ziwe moja. Ni chombo cha mabaharia kilichoingia mfukoni mwa askari.

Bapa lenyewe litazame vizuri. Ni fupi na nene, makali yamenyooka kama rula, na mgongo ndio unaoinama mbele kuyafuata makali, hivyo ncha haichomi. Kwa kazi yako hiyo ni neema. Makali yaliyonyooka hutoa mkato bapa, na mkato bapa ndio unaokifanya kikonyo, kile kijiti unachopachika, kikae juu ya shina bila mwanya. Makali yaliyopinda kama ya kisu cha jikoni huacha kijibonde katikati, na kikonyo kinakauka. Babu yako alikuletea kisu cha kitalu bila kujua.

Sasa tuingie ndani. Shika mpini kwa mkono mmoja, vidole vyote viwe pembeni, hakuna hata kimoja kinachovuka mbele ya mfereji ambamo bapa linalala. Kwa mkono wa pili bana bapa kwa ubavu, ulikunje taratibu huku macho yako yakiwa kwenye mgongo wa mpini. Utaona kipande cha chuma mgongoni kinainuka kidogo, unene wa kucha, kisha kinashuka tena. Hiyo ndiyo springi. Imekazwa kwa ribiti, ncha yake moja imeachwa huru, na ncha hiyo huru ndiyo inayokandamiza kisigino cha bapa. Kisigino nacho kimechongwa kikiwa na nyuso bapa. Uso bapa unapolala chini ya springi, bapa linatulia: wazi, au limefungwa. Kulitoa hapo lazima kona ya kisigino iiinue springi kwanza, na nguvu ya kuiinua ndiyo ukinzani unaousikia mkononi. Halafu springi inaanguka kwenye uso wa pili, tak!

Ni hicho tu. Hakuna jino wala komeo. Kisu cha namna hii kinasimama wazi kwa kukandamizwa, hakikufungwa.

Jiulize basi kwa nini watu walikitumia miaka yote hiyo na vidole vyao viko salama. Jibu liko kwenye mwelekeo wa nguvu. Unapokata kijiti, kijiti kinayasukuma makali kuelekea mgongoni. Msukumo huo unalifungua bapa zaidi, na haliwezi kufunguka zaidi kwa sababu kisigino kimegota kwenye springi na mwili wa mpini. Kwa hiyo kadiri unavyokata kwa nguvu ndivyo kisu kinavyozidi kuwa imara. Geuza sasa. Sukuma kwa mgongo wa bapa, au chokoa kwa ncha, au choma kitu kigumu. Msukumo unaelekea kulikunja bapa, na springi imebaki peke yake kukutetea. Springi ya kisu cha jeshi ni kali, itavumilia kiasi, halafu itaachia kwa mpigo. Haitoi onyo.

Rudi kwenye siku ile. Umekata herufi T kwenye gome la mche wa mlimau, mkato wa kulala na mkato wa kusimama. Gome linatakiwa lifunguke pande mbili kama kola ya shati ili utelezeshe jicho la mchungwa, yaani chipukizi lake, ndani. Ukaingiza ncha ya kisu kwenye mkato wa kusimama, ukakigeuza, mgongo ndio ukainua gome. Siku ambazo utomvu unapanda, gome linaachia lenyewe, hata ukucha unatosha. Lakini mwezi uliopita kulikuwa kukavu, gome limeng'ang'ania, ukaongeza nguvu. Nathubutu kusema ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu nimeona vidole vitano au sita vya watu wa vitalu na vyote vimekatwa hapohapo, kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada.

Mabwana shamba na watengenezaji wa visu vya kubandikia macho walilijua hilo zamani. Ndiyo maana visu vinavyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo vina ulimi wa kuinulia gome, wa shaba ya manjano, mfupa au plastiki, mara nyingine mwisho wa mpini, mara nyingine kama kibonge kidogo kwenye mgongo wa bapa. Na vingi kati ya visu hivyo havina loki hata leo. Hawakuona haja, kwa sababu kazi iliyokuwa ikikikunja kisu waliipa kifaa kingine.

Nawe jitengenezee. Kata kipande cha mwanzi mkavu, urefu wa kidole cha kati, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kichonge ncha iwe nyembamba na ya duara kama ulimi, upande wenye ganda gumu uwe chini, kisha ukipitishe kwenye msasa laini mpaka kiteleze ukikipitisha kwenye mdomo. Pembe ya ng'ombe ni bora zaidi ukiipata, haichakai. Mwanzi una faida nyingine: haukwaruzi ule utando laini unaoteleza chini ya gome, na utando huo ndio unaounganisha jicho na shina. Chuma huukwaruza hata mkono ukiwa mwepesi. Jitengenezee vitatu vinne, uviweke kwenye kikopo cha spiriti pamoja na kitambaa cha kufutia kisu, usije ukahamisha ugonjwa kutoka mche hadi mche.

Namna ya kufanya: kata T, kikunje kisu au kiweke kwenye trei, ndipo ushike mwanzi. Usishike vyote viwili kwa mkono mmoja ili kuokoa sekunde. Kwa miche mia kwa siku itakuchelewesha robo saa hivi, na siku ya tatu hutaiona tena.

Hapo tatizo lako limekwisha. Lakini najua swali la loki litabaki likikuwasha, na huyo fundi wa kuchomelea utapita mbele ya banda lake kila siku ya gulio, kwa hiyo acha nilimalize.

Loki za visu vya kukunja ziko nyingi, ila zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni ya mgongoni, ambayo kisu cha Buck 110 cha Marekani kiliieneza tangu 1964. Kwa nje inafanana na springi yako, ndiyo maana watu hudhani ni suala la kuongeza kijijino. Kwa ndani ni kitu kingine kabisa. Springi yako inapinda. Chuma cha mgongoni cha Buck hakipindi, kinabembea juu ya ribiti ya katikati kama ubao wa watoto, ncha ya mbele ina jino linaloangukia kwenye pengo la kisigino, na nyuma chini yake kuna springi nyingine ndogo inayokisukuma. Kukibadilisha kisu chako kuwa hivyo ni kutupa springi yake, kuchonga mpya, kukata pengo kwenye kisigino ambacho kimeshatiwa ugumu motoni, na kutafuta nafasi ya springi ya pili ndani ya mpini ambao tayari una bapa, kifungulio na mwiba vikigombea nafasi. Ukimaliza umetengeneza kisu kipya na kukivisha mpini wa babu.

Ya pili ni ya ulimi. Bati la ndani ya mpini linapasuliwa ulimi mrefu unaopindishwa kuelekea katikati. Bapa likifunguka ulimi unaruka nyuma ya kisigino na kulizuia lisirudi. Visu vya mafundi umeme wa jeshi la Marekani vilikuwa nayo, kwenye bapa la bisibisi, kwa sababu bisibisi ndiyo inayosukumwa pande zote. Inaonekana rahisi, na hii ndiyo iliyonidanganya mimi mwenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nina banda langu Arusha, mikono inafanya kila nilichotaka. Kijana mmoja anayeongoza watalii milimani alinijia na kisu cha Sheffield cha bapa mbili, kizuri, mpini wa pembe. Alitaka loki. Nikaling'oa ubavu, nikapasua bati kwa msumeno mwembamba wa chuma, nikaupinda ulimi, nikauchonga kwa tupa ya sindano mpaka ukakaa nyuma ya kisigino sawasawa. Nikakigonga mgongo kwenye meza mara kumi, hakikujikunja. Nilijisikia fahari, akalipa, akaenda. Baada ya miezi miwili alirudi, mkono umefungwa bandeji. Alikuwa akitoboa ubao wa sanduku kwa ncha, jambo ambalo asingelifanya kamwe na kisu chake kabla sijakigusa. Ulimi ulikuwa umechakaa. Bati lile lilikuwa la shaba laini, halikuwa chuma cha springi, na uso wa kisigino nilikuwa nimeuchonga kwa mteremko usio sahihi. Kila alipokibana, ulimi uliteleza unene wa karatasi, na siku hiyo ukateleza wote. Kidole chake cha mwisho hakikunji vizuri mpaka leo.

Nilimrudishia pesa. Kidole sikuweza kukirudisha. Ninalokueleza hapa nilijifunza kwake: mkono wa mtu anayejua kisu hakina loki unajilinda wenyewe, unakaa mbali, unakata kwa upande unaofaa. Mwambie mtu kisu kina loki, mkono unalegea, unaanza kuchokoa na kutoboa. Loki ya kiwandani iliyopimwa na kutiwa ugumu inaweza kuubeba ulegevu huo kwa kiasi. Loki ya bandani haiwezi, na mwenye kisu hajui mpaka dakika ileile. Tangu siku ile sijatia loki kisu cha mtu, na nimeombwa mara nyingi.

Sasa huyo wa kuchomelea. Sijui ana mpango gani, pengine ataunga kipande cha bati mgongoni kitakachozungushwa kuja nyuma ya bapa. Chochote atakachokifanya kitapitia moto, na moto ndio adui wa kisu kuliko kutu. Bapa la chuma cha kaboni hupewa ugumu kwa kulichovya likiwa jekundu, kisha linapashwa tena kidogo ili lisivunjike kama glasi. Ukilisugua likang'aa na kulipasha polepole utaona rangi zinapita: manjano ya majani makavu karibu na nyuzi joto 220, kahawia, zambarau, na bluu karibu na 300. Makali ya kisu yanapenda kuishia kwenye manjano. Yakifika bluu yameshakuwa laini, utayanoa asubuhi na saa nne yamelala. Mashine ya kuchomelea inayeyusha chuma, yaani inapita nyuzi 1,400 pale inapogusa. Joto hilo litakimbilia kwenye bapa na kwenye springi kabla fundi hajainua barakoa, na vipande vyeusi vya mpini, ambavyo havipendi moto hata kidogo, vitapinda au vitaungua. Atakurudishia kisu chenye loki, bapa lisiloshika makali na springi iliyochoka. Usimchukie; geti na kitanda cha chuma atakutengenezea vizuri. Kisu ni kazi nyingine.

Loki ya tatu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi loki inavyoongezwa kwenye kisu cha jadi ikafaa. Joseph Opinel wa Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, alianza kutengeneza kisu chake mwaka 1890: mpini wa mti wa duara, bapa moja, ribiti moja, hakuna springi. Bapa lilishikiliwa na msuguano tu. Wakulima walikitumia hivyo kwa miaka 65. Mwaka 1955 Marcel Opinel akaongeza pete ya chuma yenye mwanya shingoni mwa mpini. Unaizungusha, mwanya unaondoka mbele ya bapa, nalo haliwezi kurudi. Ona alichokifanya. Hakugusa kisigino wala mti. Mpini ulikuwa wa duara tayari, kwa hiyo pete ilipata pa kukaa, na kisu kilikuwa hakina springi ya kuharibiwa. Hata hivyo zile ndogo kabisa, namba 2 hadi 5, zimebaki bila pete mpaka leo. Mpini wako si wa duara, una mwiba mgongoni. Pete haina pa kuzungukia.

Na usidhani mafundi wa Sheffield hawakuwa na akili ya loki. Wahispania walikuwa na visu vikubwa vya kukunja vyenye meno, vinavyolia kra-kra-kra vikifunguliwa, zamani kabla babu yako hajazaliwa. Loki ilijulikana. Jeshi la Uswisi lilianza kugawa kisu chake cha askari mwaka 1891 bila loki, na likabaki hivyo zaidi ya karne. Kisu chenye loki cha kufunguliwa kwa mkono mmoja kilichaguliwa mwaka 2008, na ili kukipata walichora kisu kipya kizima, kikubwa zaidi. Vile vya zamani hawakuvirudisha karakana kuvitia loki.

Badala ya loki, kisu chako kifanyie usafi, kwa sababu naamini kina uchafu wa miaka themanini ndani. Springi za visu hivi hazichoki kirahisi. Kinachozidhoofisha ni utomvu, vumbi na mafuta mazito yaliyoganda kati ya springi na kisigino: kisigino hakilali bapa sawasawa, na bapa linasimama nusu. Kikunjue, kizamishe upande wa kiungo kwenye mafuta ya taa usiku mmoja. Mpini usiuache ndani, futa ukilowana. Asubuhi chokoa mfereji kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa, kunja na kukunjua mara ishirini, uone weusi unaotoka, futa, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Kausha juani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, moja tu. Usiweke mafuta ya kupikia, yatageuka gundi.

Halafu kipime. Likamate bapa kwa ncha ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ribiti imelegea, na hiyo inatengenezeka kwa kugonga kichwa cha ribiti kwa nyundo ndogo, ncha ya pili ikiwa imelazwa juu ya chuma kigumu, mapigo mepesi, matatu, unapima, matatu tena. Ukiona ufa kwenye mpini mweusi, acha palepale. Lisipocheza kushoto na kulia lakini linazama ukilisukuma taratibu upande wa kukunjika, kisigino kimelika. Hapo usifanye lolote, niletee au umpelekee mtu anayejua visu. Kisu kizima kitakuita kwa sauti: tak kikifunguka, tak kikifunga, na mkono utausikia mshtuko mdogo kwenye mpini.

Unoaji nao una uhusiano na kidole chako. Kisu butu kinadai nguvu, na nguvu ndiyo inayoikosesha mikono adabu. Tumia kinoo cha upande laini, maji, pande zote mbili sawa. Mtu anaweza kukushauri ukinoe upande mmoja tu kama visu vya kubebeshea vya dukani. Ni kweli upande mmoja hutoa mkato mnyoofu zaidi, lakini utakula chuma kingi cha babu ili kupata tofauti ndogo. Mimi nisingefanya.

Mume wako naye ana nusu ya ukweli. Kama unabebesha miche mamia kwa wiki, kisu cha kukunja cha aina yoyote si chaguo langu la kwanza. Nunua kisu kidogo kisichokunjwa, bapa la kidole kimoja na nusu, chenye ala ya ngozi kiunoni. Hicho hakina loki kwa sababu hakina kiungo, na hakuna loki duniani inayokifikia kwa uimara. Ukitaka cha kukunja chenye loki, Opinel namba 6 au 7 inatosha, ila kumbuka pete haizunguki yenyewe, lazima uizungushe kila unapokifungua. Cha babu kitumie kwa mikato ile mizuri ya kichwa cha kikonyo, kukata kamba, kufungua mafundo ya magunia kwa mwiba. Kila siku kishike; visu vinavyowekwa kabatini hufa kwa kutu.

Kuhusu kaka yako. Kule Uingereza sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja mfukoni bila kutoa sababu, mradi makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Lakini mahakama ilishaamua kwamba kisu kinachojifunga wazi hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo. Anayekamatwa nacho hadharani bila sababu ya maana anaweza kufungwa hadi miaka 4. Kwa hiyo ungekitia loki kisu hiki, kisha kaka yako akakitia mfukoni akaenda nacho dukani Leicester, kazi ya elfu kumi na tano ya Muheza ingemfikisha kwa hakimu. Hivi kilivyo, pima makali kwa rula. Nadhani utayakuta chini ya inchi 3. Na akisafiri nacho kikae kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, asikibebe mkononi.

Ila kama unaniuliza kikae wapi, mimi ningekiacha Muheza. Wewe ndiye unayekitumia.

Kidole kikipona kikakunja ngumi bila kuuma, ndipo urudi kitaluni, na siku ya kwanza anza na mwanzi kwenye matawi uliyopogoa, si kwenye miche ya kuuza. Ukishasugua kisigino nitumie picha, karibu, kwenye mwanga wa asubuhi. Nataka kuona mwaka.